Nyonga Mpya ya Bi Mwamina

Pikipiki ilisimama uani kwa Bi Mwamina, huko Mkotokuyana. Akashuka dada mgeni, begi mgongoni.

"Hodi! Shikamoo mama."

"Marahaba. Kama unanunua korosho, zetu bado ziko chini ya mikorosho."

"Sinunui, mama. Naitwa Prisca, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Natoka Nachingwea. Hospitali ulikowekewa nyonga bandia imeniomba nije nikuone."

Bi Mwamina alikuwa ameketi kwenye kigoda, anabangua korosho chache za kula. Binti yake, Ashura, alitoka ndani, macho mekundu kwa uchovu. Tangu mama yake apasuliwe, hakuthubutu kumwacha peke yake. Alimwogesha, alimshika kwenda chooni, alimletea kila kitu. Huku nyuma korosho zilidondoka bila mwokotaji. Mvua ikizikuta chini, zitaharibika.

"Simama kidogo, mama," Prisca alisema.

Ashura akakimbia kumwinua. Bi Mwamina akaegemea mguu mmoja, macho chini.

"Mbona unaangalia miguu?" Prisca aliuliza.

"Nisipouangalia huu, sijui uko wapi. Kama wa kuazima!"

Prisca alicheka. "Ni wako, mama. Ila mguu uliuma muda mrefu, nawe ukawa unaukwepa. Kisha ukapasuliwa. Sasa mwili umeusahau, lazima uufundishe upya."

"Lakini namsaidia kila kitu, dada," Ashura alisema, sauti ikikatika.

"Naona, dada yangu. Umechoka. Ila mguu usiotumika haujifunzi. Na kigoda hiki kiondoke leo. Goti likiwa juu kuliko nyonga, nyonga mpya inaweza kuchomoka. Mkalishe kwenye kiti kirefu."

"Nikae juu kama mwenyekiti wa kijiji?"

"Kaa, mama, utuendeshee mkutano."

Prisca alimsimamisha kwenye meza nzito. "Shika meza. Ashura, kaa karibu naye. Mama, angalia mbele. Sikia kisigino, sikia vidole. Uzito uko wapi?"

"Kwenye mguu mzima."

"Uhamishie huu mwingine. Polepole."

Bi Mwamina alitetemeka, jasho likamtoka. "Yaani kusimama kunachosha kuliko kulima!"

"Fanya kila siku. Na niahidi: hutainama kuokota kitu chini, nyonga isije ikachomoka, mpaka nirudi kukupima."

"Nimekuahidi, mwanangu."

Alifanya, hata siku alizolia kwa uchovu. Taratibu akaanza kwenda chooni mwenyewe kwa fimbo. Ashura akapata nafasi ya kwenda kuokota korosho.

Alasiri moja wingu zito lilitanda. Bi Mwamina alitembea mpaka kwenye mikorosho nyuma ya nyumba, macho mbele. Ashura alikuwa anaokota mbiombio.

"Mama, rudi ndani!"

"Lete gunia nikushikie."

Korosho zilitapakaa miguuni pake. Matone yakaanza.

"Mama, si hizo hapo mbele yako! Okota hata chache!"

"Naziona, Ashura. Mkono unaniwasha. Lakini nilimwahidi Prisca."

Mvua ikamwagika. Korosho zote za upande ule zikaloa. Bi Mwamina alishikilia mdomo wa gunia, amechoka, amelowa, amesimama kwa miguu yote miwili.