Upindo wa Gauni la Samawati

Mshonaji aliacha kupokea simu siku ya Jumanne. Mwanawe alimpigia saa nane mchana, akampigia tena saa tisa, akampigia saa kumi. Saa kumi na moja jioni alifungua mlango wa chumba cha kushonea kwa ufunguo wa akiba, akamkuta mama yake sakafuni kando ya kiti cha dirishani. Jumatano asubuhi mama huyo alikuwa ndani ya mfuko mweupe uliofungwa zipu, juu ya kitanda cha magurudumu, nje ya chumba cha picha cha hospitali kuu. Mwanawe alisimama kando yake, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri kuitwa jina.

Hapo ndipo Mpigapicha alipomwona kwa mara ya kwanza.

Mpigapicha huyu hakuwa wa harusi wala wa pasipoti. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na miwili, koti lake jeupe limenyooka kwa pasi, viatu vya raba vya kijani miguuni, na kazi yake ilikuwa kuwaingiza watu kwenye mashine inayoona ndani ya mwili. Kuanzia saa mbili aliwahudumia wagonjwa. Kabla ya hapo, alfajiri mpaka saa moja na nusu, aliwahudumia marehemu. Ulikuwa utafiti: madaktari walitaka kujua kama mashine inaweza kuona ndani ya maiti kile kinachoonekana kwa kisu. Ikiweza, familia nyingi zingeepushwa kukatiwa watu wao. Maiti alipigwa picha mfuko ukiwa haujafunguliwa. Daktari wa picha akaandika alichoona, akakitia kwenye bahasha, akaifunga. Daktari wa kisu naye akaandika chake bila kuiona picha, akafunga bahasha ya pili. Bahasha hizo zingefunguliwa pamoja siku utafiti utakapokwisha. Mpaka siku hiyo, jamaa wa marehemu asiambiwe neno.

Sheria hiyo Mpigapicha aliijua kama jina lake. Lakini yule kijana alimtazama, akasema kwa sauti ndogo, "Dada, nina swali moja tu. Aliteseka?"

Mashine ilikuwa haijawashwa hata taa. Mpigapicha alitakiwa kusema, subiri ripoti. Badala yake akasema, "Hapana. Alikwenda mara moja."

Kijana akashusha pumzi aliyokuwa ameibeba tangu jana. "Ahsante," akasema. "Ahsante sana, dada."

Dakika ishirini baadaye Mpigapicha alikuwa mbele ya kioo cha kompyuta, akiangalia kichwa cha yule mama kipande kwa kipande. Nyuma ya fuvu palikuwa na uvimbe wa kuanguka. Juu ya ubongo, damu ilikuwa imetanda kama mwezi mwembamba, na ubongo wenyewe umevimba na kusukumwa upande. Miaka kumi na miwili kwenye mashine ilimtosha kujua: damu ile haikumwagika, ilichuruzika. Ubongo hauvimbi hivyo kwa mtu aliyekwenda mara moja. Unataka saa nyingi.

Akatoka mbio ukumbini. Kijana alikuwa ameshaondoka.

*

Wiki tatu zilipita. Mwisho wa mwezi, jengo la maduka la ghorofa saba lilijaa watu mpaka kwenye milango, na lifti haifanyi kazi. Mpigapicha alikuwa amevaa gauni la njano na viatu vya mchuchumio alivyokwisha kuvijutia, na amekumbatia furushi la mapazia ya kurudisha dukani. Mlango wa lifti ulikuwa wazi, na shimoni, usawa wa vifundo vya miguu yake, palionekana kofia ya fundi.

"Lifti imekufa?" akauliza.

"Haijafa, dada. Imezimia," kofia ikajibu.

"Tangu lini?"

"Tangu bwana wa ghorofa ya nne alipoibebesha friji mbili. Pita ngazi tu."

"Na mapazia haya nani atayabeba?"

"Basi subiri. Au nenda kaniitie daktari."

"Hospitali ndiko nifanyako kazi," akasema Mpigapicha, "ila wateja wangu wa asubuhi hawazimii. Wakija, wameshakwenda."

Watu wawili kwenye foleni wakacheka. Fundi hakucheka. Akainua kichwa, shavu moja jeusi kwa grisi, akamtazama kwa muda.

"Sauti hii naijua," akasema. "Wewe ndiye uliyeniambia mama alikwenda mara moja."

Mpigapicha angeweza kugeuka na kuondoka. Mara nyingi baadaye aliwaza hivyo. Lakini fundi alikuwa ameshapanda kutoka shimoni, anajifuta mikono kwa tambara, na anachukua furushi.

"Ghorofa ya ngapi?"

"Ya sita. Lakini lifti..."

"Wewe ulinibebea zito kuliko hili."

Wakapanda ngazi. Ghorofa ya tatu alimwambia kwamba yeye ndiye mtoto pekee. Ya tano alimwomba namba ya simu, akihema. Ya sita akapewa.

Toka siku hiyo simu zikawa hazina mapumziko.

"Umekula?"

"Nimekula. Na wewe, Bibi Picha?"

"Nisingekula ungenifanyaje?"

"Ningekuletea chakula kwa ngazi. Lifti siziamini, nazijua."

Siku za mapumziko alikuja kumchukua amevaa shati jeupe la mikono mirefu, kola imesimama, mshono wa mama yake. Kucha zake ziliacha kuwa nyeusi. Mpigapicha aligundua kwamba huzisugua kwa mswaki wa zamani kabla ya kuja, akampenda kwa hilo kabla ya mengine. Walizunguka mji bila haraka, na kila jengo refu fundi alikuwa na kisa chake. "Hii ina kiburi. Ile pale inalia ikifika ghorofa ya pili, mpaka leo hatujui inamlilia nani."

"Unazungumzia vyuma kama shemeji zako."

"Ndio ndugu nilionao. Mpaka ulipokuja, mpenzi."

Jioni moja, kwenye benchi mbele ya posta, alimweleza jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu.

"Siku ile mama alinipigia saa nne na dakika kumi asubuhi. Mara mbili. Nilikuwa juu ya lifti, mkono mmoja umeshika waya. Nikaona jina lake, nikaigeuza simu kifudifudi. Nikasema nitampigia mchana. Kila nikifumba macho naisikia ile simu. Halafu nalikumbuka neno lako. Alikwenda mara moja. Basi alipopiga alikuwa mzima, alitaka tu kunitania. Neno lile ndilo godoro langu, nalalia hilo."

Mpigapicha akamgeukia. "Kuna kitu kuhusu mama..." akaanza.

"Usiniongezee. Hilo moja linanitosha." Akamshika mkono. "Ahsante."

"Karibu," akasema Mpigapicha.

Naye akaendelea kuitikia karibu kila aliposhukuriwa, na kila karibu ilikuwa tofali jingine juu ya uongo ule. Nyumbani kwake, akiwa peke yake, alianza kumwona yule mama ambaye hakuwahi kuiona sura yake. Alijua fuvu lake tu, na mifupa ya mikono. Akichovya kitambaa majini anamkumbuka, akipiga pasi anamkumbuka. Simu ikilia mara mbili ukumbini na kukatika, husimama na kushika ukuta.

Mwezi wa kumi na moja tangu kifo kile, fundi alimpigia akiwa kazini.

"Mambo mawili, mpenzi. La kwanza, wazee wa mtaani wanataka kuja kwenu kuniposea mwezi ujao. Nimewaambia huko wavae viatu vizuri."

"Na la pili?"

"Nimepata barua ya hospitali. Bahasha zinafunguliwa Ijumaa. Tunaitwa kusomewa."

"Usiende," akasema Mpigapicha.

"Kwa nini?"

Huo ndio ulikuwa mlango, na ulikuwa wazi. "Utaumia bure," akasema.

"Ninajua kilichoandikwa. Wewe uliniambia," fundi akajibu, kwa upole.

*

Ijumaa simu ililia saa sita mchana.

"Uko wapi?" Mpigapicha akauliza.

"Kwenye ngazi zenu. Nimesomewa."

"Mpenzi, ngoja nishuke."

"Aliishi saa sita hadi nane baada ya kuanguka. Imeandikwa kwenye karatasi zote mbili, ya picha na ya kisu. Daktari anafurahi kwamba zinalingana." Sauti yake ilikuwa tambarare, kama anasoma namba za lifti. "Ulijua lini?"

"Dakika ishirini baada ya kukuambia."

"Dakika ishirini."

"Nilitoka kukutafuta..."

"Miezi kumi na moja nakushukuru, na wewe unaitikia karibu. Saa nne na dakika kumi mama alikuwa sakafuni ananiita, mimi nimegeuza simu. Na wewe ulijua." Akakata.

Wazee hawakuja. Mpigapicha alikwenda mwenyewe kukiri kwa daktari wa kisu, mzee mwenye miwani ya kamba, kwamba alivunja sheria ya utafiti. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi," akasema. "Dole tungelifunga bandeji, binti yangu. Hili sina bandeji yake." Akamwandikia onyo, akamsukumia kikombe cha chai.

Siku arobaini na tatu Mpigapicha alipita ngazi kila jengo aliloingia. Ya arobaini na nne, saa ya chakula cha mchana, fundi alitokea mlangoni mwa chumba cha picha na ovaroli yake ya kijivu, amekonda, shingo inacheza ndani ya kola.

"Sikuja kwa ajili yako," akasema.

"Najua."

"Nimekuja kumwona mama. Daktari amekubali. Kaniambia wewe ndiye utakayenionyesha."

Mpigapicha akavuta viti viwili. "Utaona kila kitu. Ukitaka niache, sema, nitaacha."

Alimwonyesha damu, akamwambia hii ni damu. Alimwonyesha uvimbe, akamwambia huu ni uvimbe. Hakupunguza wala hakupamba. Vipande vikashuka, shingo, mabega, mpaka mikono iliyolala tumboni. Katika mkono wa kulia, kidole cha kati, kitu kiling'aa cheupe kabisa.

"Hicho nini?"

"Chuma. Chuma hung'aa hivyo. Nilidhani ni pete."

"Pete iko ncha ya kidole?" Fundi akasogeza kiti. Akatazama muda mrefu. "Ni kastabini," akasema. "Kile kikofia cha kuzuia sindano isikuchome. Mama hakivai akiwa na cherehani. Ni kwa upindo wa mkono tu."

Wakatazamana.

"Vitu vyake ulipewa?" Mpigapicha akauliza.

"Nilipewa kifuko. Sijakifungua. Na chumba nilikifunga siku ile ile."

Walikwenda pamoja jioni hiyo kabla jua halijazama. Chumba kilikuwa kidogo, kina vumbi: cherehani imefunikwa, mikasi ukutani, kiti cha dirishani. Kwenye mkono wa kiti limetundikwa gauni la samawati la mteja ambaye hakuwahi kurudi. Katika kifuko, kastabini ilikuwemo kweli. Fundi akalichukua gauni, akaligeuza upindo kwenye mwanga.

"Jumanne nilipotoka saa mbili, hili lilikuwa limeunganishwa kwa cherehani tu. Lilikuwa mezani, halina hata pindo moja."

Upindo ulikuwa umeshonwa robo tatu ya mzunguko. Walipiga magoti wote wawili kuusoma. Mishono ya mwanzo ilikuwa midogo, imejipanga kama punje. Baada ya shubiri mbili ikaanza kulala upande. Pahala pamoja palikuwa na matundu matupu: alishona vibaya, akaona, akafumua, akashona upya. Kisha mishono ikawa mikubwa, mirefu, inapanda na kushuka. Mwishoni sindano ilikuwa imechomekwa kwenye kitambaa mara mbili.

"Akitaka kuinuka ndivyo anavyoichomeka," fundi akasema. "Isianguke mtu akaikanyaga."

"Basi hakulala sakafuni saa zote hizo," Mpigapicha akasema taratibu. "Alianguka, akainuka, akaketi akashona. Sehemu kubwa ya muda alikuwa kitini."

"Kichwa kilimuuma?"

Mpigapicha alisikia neno la zamani likimjia mdomoni, laini, liko tayari. Akalimeza.

"Kilimuuma. Ndiyo. Kilimuuma sana."

"Alijua anakufa?"

"Sijui."

"Na ile simu ya saa nne. Alitaka nini?"

"Sijui, mpenzi. Hakuna picha ya hilo."

Fundi akaweka paji la uso kwenye gauni. Alilia kama mtu ambaye hakuwa amelia tangu Jumanne ile, na Mpigapicha hakumgusa mpaka aliponyoosha mkono mwenyewe. Baadaye, uso bado umefichwa, akasema, "Wale wazee bado wana viatu vizuri."

"Waambie mimi nimewahi kukudanganya."

"Nitawaambia. Na nitawaambia uliacha lini."

Walioana mwaka uliofuata. Gauni la samawati limetundikwa ukutani kwao, sindano yake mahali pake, na Mpigapicha akimpigia simu, fundi huipokea kabla ya mlio wa pili, hata awe juu ya lifti. Utafiti wa pili umeanza. Kila asubuhi, nje ya chumba cha picha, kuna mtu amesimama kando ya mfuko mweupe, na mara nyingi huuliza swali lile lile.

"Sijui bado," Mpigapicha humjibu. Kisha humletea kiti.