Mafaili Mawili ya Yunisi

Nyumbani kwa Kasiani na Yunisi, siku huanza na honi za malori. Wanakaa karibu na barabara kuu ya Tunduma, pale malori yanapopanga foleni kusubiri kuvuka kwenda Zambia. Kasiani hushona maturubai ya malori hayo. Yunisi huuza chai na viazi vya kukaanga kwa madereva.

"Mulishani, bamayo!" madereva wa Zambia humsalimu kwa Kibemba, yaani hujambo, mama. "Chai ya moto ipo?"

"Ipo. Lakini ipulize kwanza, usije ukaungua ulimi ukanisingizia."

Mwaka huu Yunisi alikuwa na mimba, na Kasiani alimkataza kubeba kitu chochote kizito. Kila asubuhi alimbebea jiko, ndoo na sufuria hadi barabarani. Wenzake walimcheka.

"Kasiani, siku hizi umekuwa mpishi?"

"Nimekuwa baba," alijibu, akaendelea kuwasha mkaa.

Mimba ilipofika miezi saba, mama yake Kasiani alikuja kuwasaidia. Jina lake ni Ferista. Alitoka kijiji cha Ruanda, kule Mbozi, akiwa na kuku wawili na maneno mengi. Alifagia, alipika, alipanga upya vyombo vyote vya Yunisi. Alikuwa mama mwema, ila alitaka kujua kila kitu.

Sasa, Yunisi alikuwa na siri. Alikuwa na kifafa.

Kifafa kilimwanza utotoni, kwao Isongole, wilaya ya Ileje. Siku moja alianguka kanisani, watoto wenzake wakakimbia. Watu walisema mate yake yanaambukiza. Huo ni uongo mtupu! Kifafa hakiambukizi. Ni ugonjwa wa ubongo, na dawa zake zipo. Yunisi alipelekwa hospitali ya kwao, akapewa vidonge, akaacha kuanguka. Lakini maneno ya watu hayana kidonge. Yalimuuma, yakabaki moyoni.

Kasiani alikuwa anajua. Yunisi alimwambia kabla ya ndoa. Kasiani alimshika mkono, akasema, "Basi, tutakuwa wawili wa kukumbuka dawa." Ndiyo maana Yunisi alimpenda. Ila Ferista hakuambiwa, na Yunisi aliomba asiambiwe kamwe.

Mwanzoni mwa mimba, Yunisi alipokwenda kliniki mara ya kwanza, alisikia maneno bombani. Bomba la maji la mtaa wao lina habari kuliko redio.

"Kituo cha afya sasa kinatumia kompyuta," mama mmoja alisema. "Ukiandikwa pale, kwisha! Hata Dar es Salaam wanakusoma."

"Tena pale mapokezi yupo Atupele wa kwaya," mwingine akaongeza. "Si ataimba mpaka magonjwa yetu!"

Wote walicheka. Yunisi hakucheka. Na yeye alikuwa mwanakwaya, tena alisimama mstari mmoja na Atupele.

Basi akapata wazo. Huku mpakani, mtu kuwa na majina mawili si ajabu. Ana jina la ubatizo, ana jina alilopewa na bibi, na akivuka kwa wajomba Zambia wanamwita jingine tena. Kule kwao, Yunisi alitibiwa kwa jina la ubatizo. Kwa hiyo, kwenye kituo cha Tunduma, alitaja jina la bibi.

"Andika Tukuswiga," alimwambia Atupele.

"Si Yunisi wewe?"

"Hilo la kanisani. Andika la nyumbani."

Atupele akaandika. Ndani, nesi alimuuliza, "Una ugonjwa wowote wa muda mrefu? Kuna dawa unatumia?"

"Hapana," Yunisi alijibu. Alitoka akiona amejificha vizuri. Tukuswiga alikuwa na faili jipya, safi, lisilo na kifafa.

Vidonge aliendelea kuvifuata Ileje kimya kimya. Ferista alipokuja, mambo yakawa magumu. Kila Yunisi akigusa mkoba alimoficha vidonge, Ferista anauliza, "Unatafuta nini, mwanangu? Nikusaidie?" Siku nyingine Yunisi alishindwa kumeza dawa. Kesho yake tena akashindwa.

Asubuhi moja, akiwa anamimina chai, mikono ilikakamaa. Birika likaanguka. Naye akaanguka, mwili mzima ukatikisika. Kasiani alitupa turubai, akakimbia. Kasiani na mama yake walimpakia kwenye bajaji, wakampeleka kituo cha afya. Yunisi alikuwa ameacha kutikisika, lakini hakuweza kusema neno.

Kasiani alitoa kadi ya kliniki. Daktari Ezron akafungua kompyuta, akasoma kwa sauti ya chini.

"Tukuswiga. Mimba ya miezi saba. Hana ugonjwa wa muda mrefu. Hatumii dawa." Akamgeukia Nesi Imelda. "Mjamzito asiye na kifafa, ameanguka na kutikisika. Tuhofie kifafa cha mimba. Mpime shinikizo la damu na mkojo haraka. Gari la wagonjwa likae tayari."

"Kifafa cha mimba ni nini?" Kasiani aliuliza.

"Ni ugonjwa mwingine kabisa. Unaletwa na mimba, na shinikizo la damu hupanda sana. Unaweza kuua mama na mtoto. Kama ndio huo, huenda tukalazimika kumtoa mtoto mapema."

"Mtoto wa miezi saba?"

"Ndiyo, kaka. Ili kumwokoa mama yake."

Kasiani aligeuka. Alimtazama mke wake kitandani. Akamtazama mama yake pale mlangoni, masikio wazi. Akisema, siri ya mke wake imetoka. Akinyamaza, mtoto wake anaweza kutolewa tumboni bure. Alifungua mdomo, akaufunga.

Nesi Imelda aliona. "Mama, utusubiri nje kidogo," alimwambia Ferista.

"Nje? Mimi ndiye mama wa nyumba yao!"

"Najua, mama. Kidogo tu." Akafunga mlango. "Haya kaka, sema. Humu tupo sisi tunaomtibu tu."

"Ana kifafa cha tangu utotoni," Kasiani alisema, machozi yakimtoka. "Jina lake lingine ni Yunisi. Anatibiwa Ileje. Nilimwahidi sitasema, jamani. Nimemwaibisha mke wangu."

"Hujamwaibisha," alisema Imelda. "Umetusaidia kumtibu."

Kituo kile na hospitali ya Ileje vilikuwa vimeunganishwa katika mfumo mmoja. Daktari akatafuta jina la Yunisi na mwaka wake wa kuzaliwa. Kabla faili halijafunguka, kompyuta ilimuuliza: unalifungua kwa sababu gani? Kwa kawaida mgonjwa huombwa ridhaa, yaani akubali mwenyewe. Lakini Yunisi hakuweza kujibu, na maisha yake yalikuwa hatarini. Daktari akaandika: dharura.

Faili likafunguka. Kifafa kilikuwepo. Dawa ilikuwepo, na kipimo chake. Wakati huohuo Imelda akaleta majibu. Shinikizo la damu lilikuwa sawa. Mkojo ulikuwa sawa.

"Hiki si kifafa cha mimba," daktari alisema, akashusha pumzi. "Ni kifafa chake cha siku zote. Nadhani amekosa dawa. Mtoto abaki alipo, bado hajamaliza safari."

Imelda akaweka kipimo tumboni. Moyo wa mtoto ukasikika, mbio mbio. Kasiani aliinama ukingoni mwa kitanda akalia kama mtoto mdogo.

Huku nje, Ferista hakukaa. Alikwenda mapokezi.

"Wewe binti, si unayo kompyuta hapo? Fungua uniambie mkwe wangu ana nini."

"Mama, hapa naona jina, namba yake na chumba anachokwenda," Atupele alijibu. "Ugonjwa sioni."

"Na ungeuona?"

"Nisingekuambia."

"Khaa! Watoto wa siku hizi!" Ferista akamvamia Imelda mlangoni. "Nesi, haya niambie wewe. Mficha maradhi kifo humuumbua!"

"Ni kweli, mama. Ndiyo maana sisi wa kumtibu hatakiwi kutuficha. Lakini habari za afya yake ni mali yake. Akipenda, atakuambia mwenyewe. Mimi sina ruhusa."

"Hata mimi?"

"Hata wewe, mama yangu."

Ferista alirudi kwenye benchi, akakunja mikono, akanuna. Hata chai aliyoletewa aliikataa.

Mchana Yunisi alipata nguvu. Alipoona jina la Yunisi kwenye kompyuta, alijifunika uso kwa kanga.

"Sasa mji mzima utajua," alisema.

Imelda akavuta kiti. "Tazama, dada. Kuingia humu kwenye kompyuta natumia neno langu la siri. Hakuna mwingine anayelijua, hata daktari. Na kila mtu anafungua kile kinachohusu kazi yake tu. Daktari anaona matibabu. Mtoa dawa anaona dawa. Atupele haoni ugonjwa wako."

"Na akichungulia kwenye kompyuta yako?"

"Nikiinuka naifunga. Tena mfumo una kumbukumbu. Unaandika nani amefungua faili lako, siku gani, saa ngapi. Nikilifungua kwa umbea, nitajulikana, na nitaulizwa. Nchi yetu ina sheria ya kulinda taarifa binafsi za watu."

Yunisi akashusha kanga kidogo. "Kumbe! Mimi niliona jina jingine litanificha."

"Lilikuficha kweli, hata kwetu. Wewe ni mmoja, lakini ulikuwa na mafaili mawili. Moja lilisema una kifafa, la pili likasema huna. Leo tumesoma lile la uongo kwanza. Unaona hatari yake?"

Yunisi alishika tumbo lake. Alikuwa amekwisha kuambiwa habari ya gari la wagonjwa, na kwamba mtoto alikaribia kutolewa mapema. "Nisamehe, mwanangu," alinong'ona, na hakuwa akisema na Imelda.

"Ukikubali," Imelda alisema taratibu, "tutayaunganisha. Unapata namba moja ya mgonjwa, na majina yako yote mawili yanakaa chini ya namba hiyo. Ukikuta kuna kosa, una haki ya kuomba lisahihishwe. Unakubali?"

"Nakubali."

"Na ujumbe wa kukukumbusha kliniki, tutume simu gani? Hapa kuna namba ya biasharani."

"Hapana, nesi! Ile hata madereva wanaishika. Tuma kwangu."

Imelda akabadilisha. Akamwonya pia asiache wala kupunguza dawa kwa uamuzi wake. Zipo dawa za kifafa zisizomfaa mjamzito, kwa hiyo daktari lazima ajue zote, naye ndiye wa kubadilisha. Yunisi alimsikiliza kwa makini, safari hii bila kuficha lolote.

Jioni Ferista aliruhusiwa kuingia. Alikaa kitandani, bado amenuna. Hakuuliza kitu. Kwa Ferista, hilo lilikuwa jambo kubwa. Yunisi alimtazama Kasiani, na Kasiani akamwambia, "Ni uamuzi wako, mke wangu."

Yunisi akavuta pumzi. "Mama, mimi nina kifafa. Tangu nikiwa mdogo. Niliogopa ungenikataa."

Ferista akasogea karibu na mkwe wake.

"Ukianguka tena nikiwa na wewe peke yangu," aliuliza, "nikushikeje?"

Yunisi aliangua kilio. Hakuwahi kuulizwa swali hilo na mtu wa nje ya hospitali. Ferista alimkumbatia, akamfuta machozi kwa kitenge chake. Yunisi alipotulia, akamweleza. Aondoe vitu vya kuumiza. Amlaze ubavu. Amlegezee nguo. Asimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Na kwa kuwa ana mimba, amwahi hospitali bila kungoja.

"Kijiko nisitie? Kumbe!" Ferista alisema. "Haya. Na dawa unameza saa ngapi? Nitakukumbusha mpaka unichoke."

Alimkumbusha kweli, na kweli walimchoka. Mimba ilitimiza miezi yake. Gwalugano alizaliwa hospitalini, mtoto wa kike, mzito, mwenye sauti ya kushindana na honi za malori. Waliomzalisha Yunisi walijua kila kitu walichopaswa kujua. Bombani hawakujua kitu.

Siku ya kumpeleka mtoto chanjo, Ferista ndiye aliyembeba. Walipomaliza, alimrudishia Yunisi mtoto wake.

"Tangulieni nyumbani," alisema.

"Kuna nini, mama?" Kasiani aliuliza.

"Nimesema tangulieni."

Yunisi alimvuta mume wake mkono, wakaenda. Ferista akagonga mlango wa Nesi Imelda, akaingia, akaufunga mwenyewe. Akausukuma tena, kuhakikisha.

"Mwanangu," alisema, "siku ile nilikuomba habari za mkwe wangu, ukaninyima."

"Ndiyo, mama. Naomba radhi kama ulikasirika."

"Nilikasirika sana. Na mwanangu Kasiani akija kukuuliza habari zangu, utamnyima hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo, mama."

Ferista akakaa. Akaangalia mikono yake. Sauti yake ikashuka, yeye mwenye maneno mengi.

"Tangu nimzae Kasiani, mkojo hunitoka bila mimi kutaka. Sijawahi kumwambia mtu."

Imelda akasogeza kiti chake karibu, akamshika mkono. "Inatibika, mama," alisema. "Nieleze taratibu."