Maji Safi ya Mama Didas

Kila asubuhi Demetria aliosha vyombo vya kuku kabla ya vyake mwenyewe. Alikuwa karani mstaafu, na pale Chamazi walimwita Mama Didas. Majirani walimtania kwamba kuku wake wanakulia sahani za wageni. Alicheka tu. Usafi ndio ulikuwa sifa yake, na alipenda kusifiwa.

Basi Isack, bwana mifugo wa kata, alipoleta chanjo ya mdondo, ule ugonjwa ambao wengine huuita kideri, nani mwingine angekabidhiwa kichupa? Isack alianza kumweleza namna ya kuichanganya na maji.

"Mwanangu, mie nimekaa ofisini miaka thelathini," Demetria alimkatiza. "Maelekezo nayajua."

Akawachanja kuku wake. Akawachanja na wa jirani yake, Bi Tunu, aliyekuwa akifuga majogoo kumi na mawili kwa ajili ya arobaini ya mjukuu wake mchanga.

Wiki tatu baadaye kuku walianza kuzubaa. Wakaharisha kijani. Wengine wakapinda shingo. Haikuisha wiki, banda la Bi Tunu likawa tupu. Kwa Demetria walibaki watatu.

"Chanjo ya Isack ni feki," Demetria aliwatangazia wanawake dukani. "Katupa maji matupu yule."

Maneno hayo yalienea upesi. Mtaa mzima ukaapa kutochanja tena.

Isack hakubishana na mtu. Alichukua kuku wawili waliokuwa wametoka kufa, akawafunga vizuri kwenye mifuko, akawaweka kwenye barafu. Akaenda pia mtaa wa pili, kwa kuku waliopewa chanjo ya boksi lile lile, akawatoa damu kidogo. Vyote akavipeleka maabara ya mifugo.

Aliporudi na majibu, alimkuta Demetria peke yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakumpa kiti.

"Kuku wenu walikufa kwa mdondo. Wale wa mtaa wa pili damu yao ina kinga, na hakuna aliyeugua. Kwa hiyo chanjo ilikuwa nzima. Mama, maji ya kuchanganyia uliyatoa wapi?"

"Bombani. Tena nikayatia kidonge cha kuua vijidudu. Mie siwapi kuku maji machafu."

Isack aliangalia chini. "Mama, ndani ya kichupa mna virusi wa mdondo walio hai. Maabara huwapunguza nguvu, ili waufundishe mwili wa kuku kujikinga bila kumuumiza. Dawa ya maji inawaua kabla kuku hajanywa. Hata maji ya bomba mara nyingi yameshatiwa dawa hiyo."

Demetria alikumbuka maneno yake ya dukani. Kumbe maji matupu aliwapa yeye.

"Umeshamwambia Bi Tunu?"

"Hapana. Nimeanzia kwako."

Angeweza kumwomba anyamaze. Jina lake lingebaki safi, na kuku wa mtaa mzima wangebaki bila chanjo. Aliona aibu hata kuwaza hivyo. Akavaa kandambili, akavuka uchochoro.

Bi Tunu alikuwa anaanika nepi.

"Bi Tunu, chanjo haikuwa mbovu. Niliiharibu mie kwa kidonge cha maji. Isack alitaka kunielekeza, nikamkatiza. Halafu nikamchafulia jina."

Bi Tunu alimaliza kuanika nepi tatu zilizobaki.

"Arobaini ya mjukuu wangu tulipika maharage, Mama Didas," alisema hatimaye. "Nikadhani ni mkono wa mtu."

"Ulikuwa wangu. Nisamehe."

"Kawaambie na wa dukani. Kule ulisema kwa sauti."

Alikwenda. Alisema kwa sauti ile ile. Mmoja aliangua kicheko, naye akakipokea, maana alistahili.

Jumamosi watu walileta kuku. Isack alichanganya chanjo mbele yao, kwa maji safi yasiyotiwa dawa. Kuku walikuwa wamenyimwa maji kwa muda, hivyo wakayamaliza ndani ya muda wa saa mbili. Akawakumbusha kwamba chanjo si tiba ya kuku mgonjwa, na kwamba hurudiwa kila miezi mitatu.

Miezi mitatu ikapita. Mdondo ulizunguka mitaa ya jirani, lakini kwao hakufa kuku hata mmoja. Siku ya kurudia, Bi Tunu alikuja na majogoo wake wapya, akamkabidhi Demetria ndoo.

"Changanya wewe."

Demetria aliishika ndoo, akamgeukia Isack.

"Mwanangu, nielekeze. Anzia mwanzo."

Safari hii alimsikiliza mpaka akamaliza.