Jiwe la Arobaini na Saba

Harufu ya wali ndiyo iliyomgutusha Yusna. Ilikuwa saa moja asubuhi, kwenye jiwe la kilomita arobaini na saba, barabara ya msituni chini ya Mlima Kerinci. Hapakuwa na nyumba wala moshi, lakini wali ulinukia kama umepakuliwa sasa hivi.

"Kaka, nani anapika huku?"

"Njaa yako hiyo," Darwis akacheka. "Nyamaza, utanifukuzia ndege."

Watazama ndege ni watu wa ajabu. Ruba watawanyonya mpaka kwenye kope na hawatajikuna. Darwis alikuwa hivyo hivyo. Wiki nzima alimsaka ndege mmoja ambaye mlio wake haukuwa katika kitabu chochote. Juzi aliurekodi, na leo alikuja kumchezea mlio wake mwenyewe ili ajitokeze. Alikuwa amemwahidi mama yao kwamba Yusna, aliyekuwa akijifunza kuongoza wageni, angerudi kula mchana.

Akabonyeza kinasa sauti. Mlio ukatoka, msitu ukajibu. Kwa furaha akasahau kuzima, na mwisho wa rekodi ikasikika sauti yake, kama warekodi wote wanavyofanya: "Ndege asiyejulikana. Kilomita arobaini na saba. Mrekodi, Darwis."

Yusna akamshika mkono. "Umetaja jina lako msituni!"

Kwao hata mtoto anajua kwamba msituni watu huitana "hoi". Ukisikia jina lako likiitwa mara moja tu, usiitike; aitikaye harudi. Binadamu ataita tena. Jini haiti mara mbili.

Kutoka kwenye ukungu: "Darwis."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Wakarukia pikipiki. Wakateremka kona baada ya kona, na jiwe la arobaini na saba likawapokea mbele. Wakateremka tena, wakalikuta tena, na wali ukazidi kunukia.

"Ifute hiyo rekodi," Yusna akanong'ona.

"Hakuna mwingine duniani mwenye mlio huu, Yusna!"

"Basi kamwambie mama hivyo!"

Jiwe lilipotokea mara ya tatu, Darwis akasimamisha pikipiki. Akaifuta rekodi huku machozi yakimlenga, na papo hapo ukungu ukafunguka, barabara ikanyooka, wakapita magome ya mdalasini yaliyoanikwa kandokando, wakapita msikiti, wakaingia uani kwao ambako mlango ulikuwa wazi na harufu ya chakula ikitoka jikoni, naye akaegemeza pikipiki kwenye nguzo ya kibaraza.

"Darwis!" mama akaita kutoka ndani.

"Naam, mama!"

Yusna hakushuka. "Kaka," alisema polepole, "ameita mara moja."

Wakasubiri. Ndani kimya. Darwis akatazama ile nguzo. Lilikuwa jiwe, na namba yake aliijua.

"Nisamehe, mdogo wangu," akasema.

Sauti ya mama ikaita tena kutoka jikoni, kwa upole, ila safari hii jina lilikuwa jingine.

"Yusna."

Yusna akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili.