Sauti ya Kumi na Mbili

Mama mkwe alikuwa anacheka sebuleni. Fundi alisimama mlangoni mwa jikoni na kikombe mkononi, akasikia kicheko kile kikiishia kwenye kikohozi kama zamani. Marehemu kusikika si ajabu siku hizi, kama ameacha rekodi. Lakini rekodi zile hazikuwepo tena, na aliyezifuta ni yeye.

Zilikuwa kumi na moja. Mama mkwe alizirekodi kitandani katika miezi yake ya mwisho, akimsimulia bintiye, mke wa Fundi, habari za utotoni, na zote zilikaa kwenye kompyuta ya kuhifadhia ndani ya kabati la ukumbini. Kompyuta ile ilikuwa na diski mbili zenye vitu vilevile, ili moja ikifa nyingine ibaki. Moja ikaanza kufa. Fundi huyu, ambaye dukani hagusi diski ya mteja kabla ya kuibandika karatasi ya alama, kwake hakubandika kitu. Na siku aliyozitoa ili afute vumbi alizirudisha kinyume, akasahau. Basi akachomoa nzima akidhani ndiyo mbovu, akaifuta kabisa, akachomeka mpya. Ile mbovu ikakata roho kabla ya kumaliza kunakili. Siku tatu alihangaika na programu ya kufufua mafaili, akaambulia majina matupu, kila faili likiwa na ukubwa wa sifuri.

Mkewe alipouliza, alimjibu, "Zimerudi zote, usijali." Alitaka siku mbili tatu tu za kutafuta njia.

"Fundi," mkewe alimwita sasa, simu mapajani, macho mekundu. "Mbona hukuniambia kuna ya kumi na mbili?"

"Labda... ilijificha."

Mkewe alifuta macho. "Huna neno la kuniambia?" aliuliza, kama alivyouliza kila siku wiki ile.

"Sina."

Fundi alikwenda kabatini mchana ule ule, jua likiwaka dirishani. Alipofungua tu akapigwa na harufu ya mafuta ya nywele na dawa ya kikohozi, harufu ya chumba cha mgonjwa. Aliwasha kioo cha kompyuta akaona majina kumi na mawili, yote sifuri, na kule sebuleni sauti bado inasimulia, ikavuta pumzi, ikaendelea, naye akapapasa nyuma ya mashine akaushika waya wa umeme, akauchomoa, taa zikazimika moja baada ya nyingine, feni ikapunguza mwendo mpaka ikanyamaza kabisa, na katika ukimya ule, akiwa bado ameushika waya mkononi, sauti ikasema karibu na sikio lake, taratibu, kama mtu asiyetaka kuamsha watu, "Mkwe wangu, unanifuta mara ngapi?"

Shangazi yake, aliyekuwa akitoa majini tangu Fundi hajaota meno, alifika kesho yake asubuhi. Alinusa ukumbini, akavuta mtandio puani.

"Jini hili halikuvunja mlango," alinong'ona. "Umelikaribisha. Ulisema nini zilipopotea?"

"Nilisema zimerudi."

"Basi limerudi. Nikilisomea dua sasa litanicheka. Kwanza kamwambie mkeo ukweli, kwa mdomo wako mwenyewe."

"Atazikosa mara ya pili, shangazi. Atanichukia."

"Huenda. Lakini yule si mama yake, na wewe unamwacha alie naye."

Fundi alimkuta mkewe kwenye kochi, akaketi sakafuni mbele yake. Alisema yote: vumbi, karatasi ambayo hakuibandika, diski nzima aliyoifuta, uongo. Alilia akisema, na alipomaliza alihisi mzigo umepungua, akajichukia kwa kuhisi hivyo.

Mkewe hakushtuka. Alimwekea mkono kichwani.

"Najua," alisema. "Mama aliniambia siku ya kwanza, ulipokuwa dukani. Nikakataa kuamini, nikakuuliza. Nimekuuliza kila siku, Fundi."

"Yule si mama."

"Hilo pia nalijua." Sauti yake ilikuwa imechoka. "Ila katika nyumba hii, ndiye pekee aliyeniambia ukweli."

Shangazi alianza kusoma dua kule ukumbini. Mkewe aliinuka bila haraka, akampita shangazi, akaenda kusimama mbele ya kabati, akauegemeza mgongo wake mlangoni, akamzibia njia. Nyuma yake, ndani, mtu akakohoa.