Simu ya Siku ya Tisini

Hasrul Amri aliuawa kwa mtungi wa kuzimia moto, ndani ya maabara ya kompyuta ya Kituo cha Ujuzi cha Tanjung Serai, mji mdogo wa bandari. Alipigwa mara tatu kisogoni. Aliyempiga aliufuta mtungi, akaurudisha kwenye ndoano yake ukutani, akaondoka.

Mfagizi, mama mzee aitwaye Mak Saimah, alimkuta saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hakupiga kelele. Alikwenda kukaa barazani, na Inspekta Erdiwan alipofika alimkuta palepale, ameshika ufagio kwa mikono miwili.

Daktari wa polisi alisema fuvu limepasuka na kwamba mtu huyu amekufa saa kumi na mbili zilizopita, au karibu na hapo. Maana yake ni magharibi ya jana, watumishi wengine walipokuwa wanaswali nyuma ya jengo. Simu ya marehemu haikuwepo, wala kompyuta yake ya mkononi. Pochi ilikuwepo, na ndani yake pesa na picha ya mtoto mchanga.

"Mwizi asingeacha pochi," alisema Sajenti Marbun, mwanamke mfupi wa kabila la Wabatak ambaye hakupenda maneno mengi.

Marehemu alikuwa pekupeku, kama kila mtu aingiaye maabara. Nje ya mlango palikuwa na jozi moja ya ndara nyeusi zenye nembo nyeupe. Marbun alichukua moja akaiweka chini ya unyayo wa maiti. Kisigino kilitokeza nje kwa vidole viwili.

"Si zake, Afande."

"Nani mwingine ana ndara kama hizi?"

"Wote wanane. Wizara iliwagawia."

Basi mtu alitoka humu akiwa na hofu kubwa, akavaa ndara za marehemu, akaacha zake.

Nembo ile ilikuwa ya Mkakati wa Ajira na Ujuzi wa Teknolojia. Bango lake lilining'inia getini, refu kuliko geti lenyewe. Serikali ilikuwa imekipa kila kituo idadi. Tanjung Serai ilitakiwa kutoa watu mia tatu wenye kazi za kompyuta kabla ya mwaka kwisha, na mji wenyewe una kiwanda kimoja cha mafuta ya mawese na maduka manne ya kutengeneza simu. Kituo kisichofikisha idadi kinafungwa. Hasrul alikuwa afisa wa ufuatiliaji. Kazi yake ilikuwa kumpigia simu kila mhitimu siku ya tisini tangu aajiriwe, amuulize kama bado ana kazi. Akijibu ndiyo, anahesabiwa.

Erdiwan aliwahoji watumishi mmoja mmoja. Kila mmoja alijibu akitazama sakafu. Hawakuona kitu, hawakusikia kitu, Hasrul alikuwa mtu mwema. 

Aliyeongea sana ni mkuu wa kituo, Pak (yaani Bwana) Gustaman, mwanamume wa miaka hamsini na mbili mwenye macho mekundu. Aliongea habari za boti. Saa nane mchana wahitimu kumi na tisa walikuwa wanavuka kwenda ng'ambo, kwenye kazi ya kuhudumia wateja kwa simu. Mkuu wa wilaya angekuja kupiga nao picha. Alimwomba Inspekta maiti itolewe kwa mlango wa nyuma.

"Wangapi wameshapita njia hiyo?" Erdiwan aliuliza.

"Arobaini na mmoja."

"Na wote wanaendelea vizuri?"

"Mwulize Hasrul," alisema Gustaman, kisha akasikia alichosema, akaanza tena habari za boti.

Simu za siku ya tisini zilikuwa zinarekodiwa, na kila jioni zinakwenda zenyewe wizarani. Aliyeiba kompyuta hakulifikiria hilo. Erdiwan alipiga simu mji mkuu. Msichana wa wizarani alizituma zote kabla ya saa nne.

"Huwa mnazisikiliza?" Erdiwan alimuuliza.

"Hapana, Pak. Tunahesabu waliopokea."

Walizisikiliza garini, yeye na Marbun, vioo vimefungwa.

Katika simu za mwanzo Hasrul alikuwa na utani. Alimwuliza mmoja kama ameshanenepa, mwingine kama amepata mchumba wa kigeni. Majibu hayakuwa na utani. Wa kwanza alisema: "Nina kazi nzuri, nalala vizuri, nakula vizuri, nyumbani wasiwe na wasiwasi." Wa pili alisema maneno hayohayo. Wa tatu vilevile. Kufikia wa kumi, sauti ya Hasrul ilikuwa imebadilika. Aliuliza taratibu, akangoja, na katika kule kungoja mtu mwingine alisikika akipumua karibu na simu.

Arobaini walisema sentensi ile ile. Wa arobaini na moja, kijana aitwaye Jufri, alinong'ona.

"Kaka Hasrul, msimlete mtu mwingine. Wanatupiga. Nakuomba, hata mmoja usi..."

Kiti kilianguka. Simu haikukatika. Iliendelea sekunde arobaini, na katika sekunde hizo Jufri hakusema tena neno, alilia tu, mwishoni hata kilio hakikuwepo.

Marbun alishika msalaba wake shingoni. Erdiwan alisimamisha rekodi.

"Imerekodiwa lini?"

"Jana. Saa kumi jioni."

Alimpigia kamanda wake. Kamanda alisikiliza, akashusha sauti, akamwambia hao watu wa ng'ambo wana mikono mpaka humu ndani. Mkuu wa wilaya yuko njiani na waandishi wa habari. Bila muuaji mkononi, boti isiguswe. Ilikuwa saa tano na nusu.

Erdiwan alimrudia Mak Saimah barazani. Alichuchumaa mbele yake, akamwuliza kama kuna ndara za akiba.

"Zipo stoo, mwanangu. Mpaka jana zilikuwa jozi kumi na moja." Alishusha ufagio. "Asubuhi nilipochukua sabuni nikakuta ziko kumi."

"Funguo anazo nani?"

"Mimi." Aliangalia nyuma yake kabla ya kumalizia. "Mimi na bosi. Usiseme ni mimi niliyesema. Nina wajukuu watatu pale nyumbani."

Inspekta aliamuru watumishi wote saba wakusanyike kwenye ukumbi wa mafunzo, eti awasomee utaratibu. Waliingia, wakaacha ndara mlangoni kama siku zote. Marbun alipita akizigeuza. Jozi sita zilikuwa zimelika soli. Ya saba ilikuwa mpya kabisa, na karatasi ya namba bado imegandia chini. Arobaini. Zile za mlango wa maabara nazo zilikuwa arobaini.

Saa sita na nusu walikaa ofisini kwa mkuu wa kituo, mlango umefungwa.

"Unavaa namba ngapi, Pak Gustaman?"

"Arobaini. Kwa nini?"

"Hizi ni mpya."

"Za zamani zilikatika."

"Ziko wapi?"

"Nimetupa."

"Na hizi arobaini na tatu?" Marbun aliweka mezani jozi nyeusi iliyofungwa kwenye mfuko wa ushahidi. "Nimezitoa kwenye buti la gari lako. Mguu wako utaogelea humu."

 Jasho lilimtoka Gustaman, ingawa kiyoyozi kilikuwa kinanguruma juu ya kichwa chake.

"Jana Hasrul alikuja kwako na simu ya Jufri," alisema Erdiwan. "Na wewe ulishajua."

"Sijui unalosema."

Erdiwan alianza kucheza rekodi za simu zile kwenye kompyuta. Ya kwanza. Ya pili. Nina kazi nzuri, nalala vizuri. Gustaman alitazama dirisha. Ya saba ilikuwa ya msichana mwenye sauti nyembamba, na aliposema "nyumbani wasiwe na wasiwasi" Gustaman alirukia kompyuta. Marbun alimkalisha.

"Zima. Nakuomba, zima."

"Huyu ni nani?"

"Desrina. Binti yangu."

Kwenye orodha alikuwa Desrina tu, jina moja, kama wengi wa pwani ile. Mgeni asingeweza kujua.

Gustaman alisema yote bila kuulizwa tena.

"Mwaka wa kwanza nilipata kazi ishirini na mbili. Wakaniambia fundi simu hahesabiwi. Wakala akaja na barua, na mihuri, na picha za ofisi. Niliamini, Inspekta, wallahi niliamini. Lakini wazazi waliogopa. Kila nyumba niliyokwenda waliniuliza, mbona wako hukumpeleka? Nikampeleka wangu kwenye kundi la kwanza. Baada ya hapo walinipa watoto wao."

"Ulijua lini?"

"Wiki ya tatu. Walinitumia picha yake. Wanafungiwa humo, wanalazimishwa kutapeli watu kwenye simu usiku na mchana. Wakasema nifikishe sitini, wamwachie. Arobaini na mmoja, na hawa kumi na tisa. Sitini."

"Na Hasrul?"

"Alisema anakwenda polisi. Nilimwomba angoje mpaka boti iondoke, siku moja tu. Akakaa, akaanza kuandika taarifa. Akanipa mgongo."

"Hawa kumi na tisa ulijua wanakwenda wapi?"

"Nilijua." Alishika ukingo wa meza. "Inspekta, nisikilize. Nimekiri. Nitie pingu, nitasaini chochote unachotaka. Lakini boti iache iende. Isipofika, wamesema watamuuza mbele, na huko anakouzwa harudi mtu. Ana miaka ishirini. Una mtoto?"

Erdiwan alikuwa na watoto wawili. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na dakika ishirini. Dirishani aliona gati, na vijana kumi na tisa wamejipanga na mabegi, na mama zao wakiwafungia wali kwenye majani ya mgomba. Muziki ulikuwa umeshaanza kwa ajili ya mkuu wa wilaya.

Alichukua simu akapiga polisi wa bandari.  Alisema boti isiondoke.

Gustaman aliweka paji la uso mezani.

Jioni ile namba zote za ng'ambo zilikatwa. Sasa ni miezi kumi na moja.

Hasrul Amri aliacha mke na mtoto wa miezi minne. Gustaman amefungwa miaka kumi na nane. Kituo kimefungwa. Wahitimu kumi na tisa wako nyumbani, na wawili kati yao hawamsalimii Inspekta, kwa sababu wanaamini aliwanyima kazi. Wizara imeandika ajira arobaini na moja.

Kati ya hao arobaini na mmoja wamerudi kumi na saba. Wanne kati yao walirudi kwenye masanduku, na Jufri ni mmoja wa hao wanne. Ishirini na wanne hawajulikani walipo. Desrina ni mmoja wao.