Karamu ya Wafu Katika Nyumba ya Kupanga

Mgeni wa mwisho alikula bila kuinua barakoa.

Shukriya alimwona kwa macho yake, maana yeye ndiye aliyekuwa akipakua wali. Wageni wengine walikuwa vibarua wa Kibaluchi waliokaribishwa kutoka sokoni Ibra, Omani. Walikula, wakashukuru, wakaenda zao. Kikongwe wa barakoa, ile wavaayo wanawake wa Kibedui usoni, alifika majamvi yanakunjwa, akakaa pembeni peke yake, akawekewa sahani. Shukriya aligeuka kuchukua maji. Aliporudi, sahani ilikuwa nyeupe, hapana hata punje, na barakoa ipo pale pale usoni, na vidole vya yule bibi havikuwa na tone la mchuzi.

Ilikuwa karamu ya wafu. Filomena, shoga yake tangu walipokuwa wasichana Vuga, Unguja, alikuwa anamwoza binti yake Ludovina. Ukoo wao ni Wagoa waliochanganya damu na Wareno zamani, na kwao arusi haifungwi mpaka kwanza maskini walishwe kwa ajili ya wazee waliokufa. Mumewe Filomena, Caetano, alikuwa fundi wa majenereta. Alipopata kazi Ibra mwaka wa sabini na sita alipanga nyumba kuukuu ya udongo nyuma ya mashamba ya mitende, na Filomena alifurahi kupita kiasi kumkuta Shukriya mtaa wa pili, anashona nguo, anasema Kiswahili kile kile cha kwao.

Kabla ya watu kula, Filomena alikuwa ameinamisha kichwa, akasema maneno kwa Kikonkani, lugha ya kwao Goa.

"Umesemaje?" Shukriya alimwuliza.

"Nimewakaribisha wafu wa nyumba hii waje wale nasi."

"Lakini nyumba hii si yenu, shoga. Mmepanga tu."

Filomena alicheka. "Ndivyo mama yangu alivyokuwa akisema. Maneno yake hayabadilishwi."

Sasa Filomena alimwendea yule kikongwe, akamshukuru kwa Kiarabu. Kikongwe alijibu kitu kwa sauti ndogo. Shukriya hakukielewa, ila alijua kwamba si Kiarabu, na alimwona shoga yake anapoteza rangi.

"Kakwambia nini?"

"Hajasema kitu," alisema Filomena, akaenda jikoni.

Toka siku hiyo Shukriya alianza kuangalia mambo kwa jicho la pili.

Gauni jekundu la biarusi lilikuwa kazi yake. Kwa desturi yao alilikata mbele ya jamaa, na fataki zikalipuliwa uani kwa furaha. Alipomjaribisha Ludovina mara ya kwanza, lilimkaa vizuri. Mara ya pili likampwaya kiunoni. Akalipunguza. Mara ya tatu likamning'inia kama limetundikwa ukutani. Bangili za kijani, alizovalishwa nyumbani kwa mjomba wake Maskati kwa sabuni na kwa machozi, kwa namna zilivyombana, sasa zilikuwa zikimchopoka zenyewe. Bangili hizo biarusi hazivui. Huvunjwa siku mumewe akifa.

"Kipimo chako kimekosea," alisema Filomena, "au pana kitu ulichokishonea humo ndani?"

Shukriya alichomoa pini mdomoni, akaichomeka kiunoni mwa gauni. Miaka yote ile, na leo anaambiwa mchawi. Lakini hata yeye alikuwa na lake moyoni. Mbona mlango wa stoo ya tende, uliokuwa wazi siku zote, sasa umetiwa kufuli? Na mbona Filomena, kila watu wakipumzika mchana, anapita na sahani iliyofunikwa?

Filomena alipotoka, Ludovina alimshika mkono. Msichana alinuka udongo uliomwagiwa maji.

"Bi Shukriya, usimwambie baba. Mchana watu wakilala pana mtu ananisuka mle stoo. Ananipaka mafuta ya nazi. Mikono yake baridi. Ananiita biarusi wake."

"Mama yako anajua?"

"Anajua," alinong'ona Ludovina. "Yeye ndiye anayemfungulia."

Shukriya alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu Harub, mzee aliyekuwa akiwasomea wagonjwa pale mtaani. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Jini hilo la nyumba lilikuwepo kabla yao," alisema. "Limeitwa mezani, limekuja. Mimi nitasoma, lakini neno la kulitoa litoke kwa aliyelikaribisha. Bila hilo nitakuwa najichosha."

Kesho yake, baada ya adhuhuri, Shukriya alikuja naye. Mwalimu alikaa uani kivulini. Shukriya aliingia ndani, na kadiri alivyokwenda ndivyo nyumba ilivyozidi kuwa kimya, mpaka akawa anasikia kitambaa chake mwenyewe kikisugua ukuta, na harufu ya mafuta ya nazi yaliyochacha ikamjia usoni kama pumzi ya mtu, ikachanganyika na ile ya udongo mbichi, na nyuma ya harufu akasikia wimbo, sauti ya kikongwe inaimba polepole kwa Kikonkani, ikitua, ikaanza tena, na alipofika penye mlango wa stoo akamkuta Filomena amesimama nje na sahani tupu mkononi, machozi yanamtoka, anatabasamu.

"Ni mama," alinong'ona. "Usimfukuze, Shukriya. Nilimwacha Unguja wakati wa mapinduzi, akafa mimi niko Goa. Kaburi lake silijui. Siku ile ya karamu aliniita kwa jina langu la utotoni."

"Jina hilo hujalitaja humu ndani?"

"Nimelitaja. Nimemhadithia Ludovina mara nyingi."

"Basi limesikia. Muulize jambo ambalo hujalisema katika nyumba hii. Hata kwa mumeo."

"Na akijibu?"

Shukriya alisukuma mlango kidogo. Ludovina alikuwa amekaa chini, macho wazi, hasikii. Nyuma yake hapana mtu, na nywele zake zilikuwa zinagawanyika zenyewe, zinapindana zenyewe, zinavutwa, hata shingo ya msichana ikawa imekunjika nyuma na koo limetuna.

Filomena aliingia. Aliuliza swali kwa Kikonkani, fupi. Wimbo ukakatika. Kisha Shukriya akasikia mnong'ono wa chini, hata hakujua kama ni maneno au ni upepo. Filomena alizitazama nywele za mwanawe, bado zimevutwa. Uani, mwalimu Harub alikuwa amepandisha sauti ya kisomo.

"Karamu imekwisha," alisema Filomena kwa Kiswahili, kwa nguvu, kama anayemfukuza mwizi. "Niliyekualika ni mimi, na mimi nakwambia ondoka. Mwachie mtoto. Ondoka!"

Kitu kilipita baina yao kikawasukuma wote wawili ukutani. Udongo wa dari ukamwagika, mlango ukang'oka bawaba moja, na huko uani mwalimu akasikika anasoma huku anakohoa vumbi. Ludovina alianguka mbele, akalia kama mtoto mchanga. Mwili wake ulikuwa na joto la mtu aliye hai.

Walihama nyumba ile siku hiyo hiyo. Arusi ilifungwa Maskati. Wanawake walimpaka biarusi tui la nazi kichwani mpaka miguuni, wakaimba, na Shukriya akalazimika kulifumua gauni jekundu na kulitanua.

Miaka ikapita. Caetano alihamia mji wa Sur kikazi, na siku moja Shukriya alikwenda kuwatembelea. Ludovina alikuwa na watoto wawili. Mashoga wakakaa wawili barazani, wanakunywa kahawa, na Shukriya akauliza alilotaka kuuliza siku zote.

"Ulimwuliza nini mle stoo?"

"Neno la mwisho mama aliloniambia bandarini tunaagana. Tulikuwa mimi na yeye tu. Sijamwambia mtu mpaka leo."

"Ukajua si yeye, kwa kuwa hakuweza kujibu."

Filomena aliweka kikombe chini taratibu.

"Alijibu, shoga. Alijibu sawasawa, neno kwa neno."

Shukriya naye akaweka chake. "Na bado ukamfukuza?"

"Alikuwa amemvuta mwanangu nywele," alisema Filomena, "na alipokuwa akinijibu, hakuziachia."